Mnatuletea auto tupu, halafu mnaziua kwa oili. Magari ya manual yako wapi?

Wakuu, inatosha. Ingia yadi yoyote ya magari ya Japan hapa Dar uulizie Fielder, Probox au Vitz ya manual. Jibu ni lile lile: manual ni ya daladala na Fuso, gari la familia ni auto. Huo ni uongo, na anayeulipia ni mtu mwenye gari moja ambaye fundi wake yuko chini ya mwembe.

Chanzo tunakijua. Japan walianzisha leseni ya auto pekee mwaka 1991, na soko lao likaelekea huko. Hata Probox, gari la kazi kabisa, lilitoka 2002 likiwa na chaguo la gia tano za mkono, lakini toleo la 2014 likabaki CVT tu, yaani auto isiyo na gia za hatua. Hilo hatuna mamlaka nalo. Ila anayesema manual hazipo kabisa hajatafuta. Kwenye karatasi ya mnada, sehemu ya gia, F5 ni gia tano za mkono. FA au AT ni auto. Mwagizaji anaona herufi hizo kila siku. Mwambie atafute F5, na usikubali kugeuzwa.

Hasira yangu kubwa iko kwenye oili. CVT haina gia kama tulizozoea. Ina puli mbili na mkanda wa chuma uliobanwa kati yake, na mkanda huo unashika kwa msuguano tu. Oili ya CVT imetengenezwa kulinda msuguano huo. Fundi akimimina ATF ya kawaida (oili ya auto za gia), mkanda unateleza, unakwangua puli, na unga wa chuma unazunguka na oili mpaka kwenye valvu. Gari linaanza kutetemeka likiondoka, resi inapanda bila mwendo, mwisho halisogei. Na bado kuna maduka yanauza dumu moja "la auto zote"! Oili ziko aina nyingi. T-IV ya IST za mwanzo, WS, CVTF TC na CVTF FE za Toyota, NS-2 na NS-3 za Nissan: kila moja ina gia boksi zake. Soma kitabu cha gari, usisikilize kaunta.

Auto nyingi za siku hizi hazina kijiti cha kupimia. Kimo kinaangaliwa injini ikiwaka, gari likiwa sawasawa, oili ikiwa kwenye joto alilotaja mtengenezaji, halafu unafungua boliti ya kufurikia, ile inayotoa oili iliyozidi kimo. Uchochoroni wanamwaga, wanakisia, wanafunga. Asiye na kipimajoto angalau angepokea oili ya zamani kwenye chombo, akaipima, akarudisha kiasi kile kile. Na ukifungua boliti ya chini hutoa yote: mara nyingi zinatoka lita 3 hadi 4, nyingine inabaki kwenye toki konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi. Kwa hiyo oili mbaya haiondoki kwa kumwaga mara moja.

Ikifa inakufa nzima. Unapelekwa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kununua gia boksi ya mtumba ambayo hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi.

Manual inakwambia mapema. Vuta handbreki hadi mwisho, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma na gari limesimama, pleti imekwisha. (Fanya mara moja tu, usiiunguze.) Mlio unaotokea ukikanyaga klachi ni beringi ya klachi, unaopotea ukikanyaga ni beringi ya shafti ndani ya gia boksi. Ukishusha gia boksi, badilisha pleti, presha na beringi kwa pamoja, maana gharama kubwa ni kushusha. Kagua na sili ya nyuma ya kranki, ikivuja italowesha pleti mpya.

Oili yake? Gia boksi ya gia tano ya Corolla inataka karibu lita 2 za 75W-90 GL-4 (75W-90 ni uzito wa oili, GL-4 ni daraja lake). Legeza boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma umeshamwaga, umekwama. Jaza mpaka ifike mdomo wa tundu la pembeni. Kama kitabu kimetaja GL-4, usiwekewe GL-5. Baadhi zina kemikali zinazokula ringi za shaba za sinkro, zile zinazofanya gia iingie bila kukwaruza.

Jibu #2
Kwenye oili nakuunga mkono, mkuu. Lakini foleni ya Morogoro Road saa 12 jioni na klachi, goti linaisha. Na CVT nzima inakula mafuta kidogo.

Mleta mada
Ni kweli inakula kidogo, ikiwa nzima. Kwenye foleni, gari likisimama weka nyutro utoe mguu. Anayesubiri amekanyaga klachi anamaliza beringi, na anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handbreki anaunguza pleti.

Jibu #3
Ongezeni la betri. Manual: swichi ON, gia ya pili, klachi chini, wasukume, achia. Inawaka ilimradi taa za dashibodi bado zinaonekana. Betri ikifa kabisa, kompyuta na pampu ya mafuta hazipati umeme. Auto haishtuki hivyo. Na auto inayovuta kwa mbele isivutwe kwa kamba magurudumu yale yakiwa chini. Injini imezima, pampu ya oili haizunguki, gia boksi inasagika kavu. Inyanyuliwe mbele.

Mleta mada
Umemaliza, mkuu. Ninachodai kwa wauzaji ni hiki: tangazo likisema auto, liseme ni ya gia nne au CVT, na ndani kuna oili gani. Yadi iliyobadilisha oili na haijui imeweka ipi, hilo gari isiliuze.