Nyaya za spika za bei kubwa au waya wa shaba wa kukatiwa kwa mita: ulinganisho

Santuri_Upanga
Habari zenu wanajukwaa. Nina amplifaya ya wati 60 kwa kila upande na spika mbili za omu 8, na kutoka ilipo amplifaya hadi spika ya mbali ni mita 4. Nimebaki na chaguo tatu. La kwanza ni waya laini wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kukatiwa katika maduka ya vifaa vya umeme. La pili ni waya wa rangi mbili, mwekundu na mweusi, ambao nimeuona Kariakoo kwa bei ya chini zaidi. La tatu ni jozi ya nyaya kutoka nje, zilizovishwa kitambaa cha kusukwa na kulazwa katika sanduku la mbao, ambazo bei yake inazidi bei ya spika zangu. Maelezo yake yanadai kwamba shaba yake haina oksijeni, kwamba mshale uliochorwa kwenye ganda ni lazima uelekee kwenye spika, na kwamba sauti hufunguka baada ya waya kutumika kwa saa 200. Naomba kueleweshwa kabla sijalipa.

Fundi_Chumbageni
Ndugu Santuri, tuanze na kinachopimika. Kazi ya waya wa spika ni kupitisha mkondo, na kinachouzuia zaidi katika urefu kama wako ni ukinzani, ambao hutegemea urefu wa waya, unene wake na aina ya metali. Mita 4 za kwenda na 4 za kurudi ni mita 8. Kwa shaba ya 2.5 ukinzani wake ni kama omu 0.055, yaani chini ya asilimia 1 ya omu 8 za spika yako. Roger Russell, aliyekuwa akibuni spika katika kampuni ya McIntosh ya Marekani, alipendekeza ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, nawe uko mbali kabisa na mpaka huo. Hata madini ya fedha, yanayopitisha umeme kuliko metali nyingine zote, huishinda shaba kwa takriban asilimia 6 tu, na pengo hilo huzibwa na shaba iliyo nene kidogo. Shaba isiyo na oksijeni ipo kweli, ila inaizidi shaba ya kawaida ya umeme kwa kiasi kidogo mno.

Kuhusu mshale, umeme wa muziki huenda na kurudi mara nyingi kwa kila sekunde, kwa hiyo hauna upande mmoja wa kuelekea. Mshale unaweza kuwa na maana katika baadhi ya nyaya za kuunganisha chombo na chombo, ambazo wavu wake wa kinga umefungwa upande mmoja tu. Waya wa spika haumo katika kundi hilo.

Waya wa rangi mbili uchunguze kabla ya kununua. Menya ncha, chukua uzi mmoja, uukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme kwa kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, na nyuzi zake hukatika upesi ukizikunja mara kwa mara.

Mzee_Parklands
Kwa heshima zote, Fundi, nimesikiliza muziki kwa miaka 30 na tofauti naisikia. Nilipobadilisha nyaya zangu, besi ilikaza na sauti za waimbaji zikasogea mbele. Mita yako ya kupimia umeme haina masikio.

Bi_Makadara
Shikamoo Mzee. Sisemi hukusikia, mimi pia nilisikia, tena siku ileile niliyofungua sanduku. Baadaye nilimwomba kaka yangu akae nyuma ya pazia na kubadilisha nyaya kwa kurusha sarafu, wimbo uleule, kitasa cha sauti kisiguswe. Kati ya mara 16 nilipatia 9. Anayebahatisha tu hutarajiwa kupatia 8, na ili tuseme kwa uhakika wa kuridhisha kwamba masikio yanatambua, inafaa kupatia angalau 12. Nilivunjika moyo sana, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba kwa miezi mingi. Dukani nilikonunua, waya wa pili ulipigiwa sauti ya juu kidogo kuliko wa kwanza, na sauti iliyo juu kidogo hudhaniwa kuwa bora.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliahidi dola milioni 1 iwapo ingethibitishwa kwamba nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, zinasikika bora kuliko za kawaida. Jaribio hilo halikufanyika. Hizo saa 200 nazo, kwa maoni yangu, zinamtosha msikilizaji kuizoea sauti mpya.

Sisi wa pwani tuna tatizo jingine lililo la kweli: hewa ya chumvi. Ncha za shaba zikiachwa wazi hushika ukijani, na spika huanza kukwaruza. Kata kipande hicho, menya upya, kaza skrubu.

Mzee_Parklands
Marahaba, binti. Jaribio la pazia sijawahi kulifanya, nami nitalifanya na mwanangu Jumapili.

Ukumbi_Morogoro
Je, sisi wenye ukumbi? Spika ya nyuma ni ya omu 4, iko mita 30 kutoka kwenye amplifaya, na waya uliopo ni wa 0.75.

Fundi_Chumbageni
Kwenu waya unahusika hasa. Mita 60 za shaba ya 0.75 zina ukinzani wa karibu omu 1.4, kwa hiyo takriban robo ya nguvu inayotoka huishia kwenye waya kama joto. Wekeni wa 6, nao utabaki ndani ya ile asilimia 5, au sogezeni amplifaya hadi mita 15 na mtumie wa 4. Pimeni njia halisi ya waya, pamoja na kupanda na kushuka ukutani, kabla ya kwenda dukani.

Santuri_Upanga
Nashukuruni nyote. Nakwenda kukata mita 16 za ule wa 2.5, na wembe nitakuwa nao mfukoni.