Mnatuacha tupige ramli mbele ya taa za rilei, siku mtazika mtu ndo mtaandika lebo

Wakuu nimetoka shifti ya usiku sijalala na hasira niliyonayo naweza kumuuma mtu, kwa hiyo mnivumilie. Mimi ni opereta kituo cha kupoza umeme, cha wapi na cha nani sitasema, mwaka wa kumi na moja huu nakodolea macho paneli.

Juzi saa nane usiku mvua inamwaga, fida ya kilovolti 33, yaani laini inayotoka kituoni, ikatripu, ikajikata. Nikakimbilia rilei, kile kifaa kinachonusa hitilafu na kuamuru laini ikatwe, taa mbili nyekundu zinawaka, ya tatu na ya sita. Maana yake nini? Anajua Mungu na yule jamaa aliyekuja na laptopu akazifunga akaondoka. Pembeni ya taa kuna kile kimfuko cha plastiki cha kuchomeka karatasi ya majina, karatasi kweli imo, nyeupe pee! Haina hata nukta. Kwa wasiojua, hizi taa nyingi haziji na maana kutoka kiwandani, mtu anazipangia kwenye programu, hii iwe fezi ya kwanza (moja ya nyaya tatu za laini), hii ethi (umeme kwenda ardhini), hii ovakarenti (mkondo kuzidi) ya papo hapo, hii breka (swichi kubwa inayokata laini) imegoma, sasa wewe umekaa siku nzima unazipanga halafu karatasi ya dakika kumi imekushinda?

Sasa dogo niliyekuwa naye, mgeni ana wiki tatu, akasema bosi labda taa zenyewe mbovu ngoja nizijaribu. Kabla sijafungua mdomo kashabonyeza. Zikawaka zote kama harusi, halafu zikazima zote. Kumbe kitufe cha kujaribu taa ndo hicho hicho cha kufuta taa! Kitufe kimoja kazi mbili, na moja inaua ushahidi wa nyingine, nani alikaa akaona hii ni akili? Mimi hapo kalamu bado natafuta mfukoni.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema rekodi ya tukio inabaki kwenye memori. Inabaki ndiyo, njoo uitafute wewe saa nane usiku kwa vishale vinne na skrini ya mistari miwili, unashuka menyu unapanda menyu, ukikosea kidogo inakurudisha mwanzo, na huku simu ya kontroo, wale wanaoongoza mtandao, inaita, wanataka kujua ni ethi au ni fezi kwa fezi, niwashe au nisiwashe. Rilei za zamani zile za kisahani zilikuwa na kibendera cha rangi ya chungwa, ikitripu kinadondoka na kinabaki pale pale hata betri za kituo zikifa, mpaka uje ukisukume kwa mkono wako. Fundi aliyeishia darasa la saba alikuwa anakisoma.

Umbali wa hitilafu nimekuja kuuona kwenye rilei alfajiri, kilomita 6 tu kutoka kituoni. Wakati huo mafundi wa laini walishaanzia mwisho wa laini kule milimani, wametembea na tochi kwenye tope usiku kucha wakitafuta kikombe cha kushikilia waya kilichopasuka ambacho kilikuwa karibu kabisa na sisi. Barua ya kujieleza nimepewa mimi.

Na rangi je. Kwenye paneli zetu taa nyekundu maana yake breka imefungwa, laini ina moto yaani umeme, kijani imefunguliwa. Rilei mpya zimekuja na kitufe cha kufunga cha kijani na cha kufungua chekundu, kama mashine ya kusaga, kwa hiyo unabonyeza kijani ili iwake nyekundu. Ongeza na Kiswahili chenyewe, kwetu breka ikifungwa umeme unapita, mtu wa mtaani ukimwambia umefunga anaelewa umekata kama bomba la maji. Dogo wa wiki tatu hapo mnategemea nini?

Lakini hayo yote naweza kuyameza. Kinachonitoa usingizi ni rikloza za kwenye nguzo, zile breka zinazokata laini kisha zinajirudisha zenyewe. Fundi akitaka kufanya kazi karibu na waya wenye moto lazima kwanza uzuie ile ya kujirudisha yenyewe, ili akigusa kwa bahati mbaya ikate mara moja ibaki imekata, isimrudishie moto mara ya pili na ya tatu. Tuna kabati za kuziongozea za aina mbili. Moja, taa ikiwaka maana yake kujirudisha kupo kazini. Nyingine, taa ikiwaka maana yake kumezuiwa. Laini moja hiyo hiyo! Na ulinzi wa ethi ni vile vile, huku ikiwaka upo, kule ikiwaka umezuiwa. Tunauzuia tukiwa tunakata fyuzi fezi moja moja, mzigo unapoyumba usitripu laini bure, sasa mtu akisoma taa kinyume akauacha umezuiwa, waya ukaanguka kwenye shamba kavu mkondo wake unakuwa mdogo sana, ulinzi wa fezi hauuoni, waya umelala pale una moto na watoto wanapita kwenda shule. Haya tuliyasema kwenye kikao. Tukajibiwa someni manyuali. Manyuali ziko ofisini, zimefungiwa, ufunguo anao mtu aliyehamishwa.

Jana nikamng'ang'ania injinia kwenye simu mpaka akafungua faili la setingi akanisomea taa moja moja. Ya tatu ethi, ya sita breka kukata. Nikachukua plasta nyeupe ya sanduku la huduma ya kwanza na biki, nikaandika, nikabandika rilei zote nne, na kwenye kile kitufe nikaandika USIGUSE KABLA HUJAANDIKA. Leo asubuhi mkubwa kapita, kasema kuna wageni wiki hii, plasta zinaharibu muonekano wa paneli, toa.

Nimetoa. Dogo alizipiga picha kwanza, ziko kwenye simu yake, na usiku huu tunaingia wote tena. Nimemwambia aje na chaji imejaa.