Mrejesho: yule jirani wa kokoto njiani

Wakuu, ni mimi niliyeuliza mwezi uliopita nifanyeje na jirani aliyemwaga mchanga na kokoto kwenye njia ya waenda kwa miguu, watoto wa shule wakawa wanashuka barabarani kugombania nafasi na bodaboda. Hapa Dar, msiojua.

Wengi mlisema nipige picha nikimbilie TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maana barabara za mitaa ziko chini yao tangu 2017. Picha nilipiga, ila nikaanza na mjumbe wa mtaa wetu. Mzee alikuja jioni na kanzu yake, akachomeka fimbo kwenye ule mchanga (umeshaota majani, paka wameufanya choo), akamwita jirani kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii njia umeinunua lini?"

Jirani hakubisha. Kumbe lori lilishindwa kuingia getini, fundi naye anadai hela yake, kazi imelala. Mimi nilimhesabu jeuri tu. Halafu ile mvua ya wiki jana ikausomba mchanga ukaziba mtaro, maji yakarudi kwake mpaka sebuleni. Nikiri, nilicheka kidogo.

Jumamosi vijana wanne na toroli mbili walihamisha karibu kila kitu, jirani kalipa. Tofali nimemruhusu azipange uani kwangu, kwa miezi miwili, tumeandikishana mbele ya mjumbe. Zimebaki nondo tatu, ncha zimefungwa kitambaa chekundu. Anasema kesho. Nitachungulia asubuhi.