Wazee wa kanisa, tupeane uzoefu: mmewahi kukataa jambo jema?

Bwana asifiwe wapendwa. Ni katibu wa baraza la wazee, usharika mmoja nje kidogo ya Iringa mjini. Mwaka huu tumekubaliana kazi moja: watoto wa kipaimara wafundishwe kila mtaa, hata kule ambako mwinjilisti hafiki kirahisi wakati wa masika. Tangu hapo tumeletewa shamba la kupanda miti, kipindi cha redio, na wageni wanaotaka kutujengea chekechea. Yote mema, ila wa kuyafanya ni wazee walewale. Mnakataaje bila kumvunja moyo aliyeleta?

Mzee wa Tukuyu: Huku Rungwe muumini alitupatia eka za kupanda parachichi. Baraza lilishangilia. Nikauliza: nani atapalilia? Nani atakaa na wanunuzi? Yakatajwa majina ya mchungaji na mhazini, basi. Na mche wa parachichi aina ya Hass unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, maana yake miaka ya vikao vya shamba kabla ya kuona senti. Tukamwendea nyumbani wazee wawili, mambo haya hayafanywi kwa simu. Tukamshukuru, tukaomba naye, tukamweleza kazi ya mwaka. Alinyamaza, kisha akauliza watoto wa mtaa wa mlimani wanafundishwa na nani. Siku hizi Jumamosi mwinjilisti anapanda huko kwa pikipiki yake.

Mdau wa Makambako: Sisi tuliandika kwenye muhtasari: jambo lisilo kwenye mpango wa mwaka haliamuliwi siku lilipoletwa. Linangoja kikao kijacho. Mengi hupoa yenyewe.

Mama wa Uyole: Naomba nitofautiane kidogo. Someni Matendo 6. Mitume walikataa kuacha Neno wakahudumie meza, lakini wajane hawakuachwa na njaa. Walichaguliwa watu saba. Kabla ya kukataa, ulizeni kama kuna wa kuibeba kazi bila baraza. Chekechea yetu iko mikononi mwa akina mama, wazee wanapokea taarifa tu. Msipopata mtu, hapo kataeni, na mapema, mwenye kitu asingoje miezi.

Katibu: Asanteni sana. Mama, suala la chekechea nalipeleka kwa akina mama Jumapili baada ya ibada. Redio tunakataa. Kwa mwenye shamba naenda na mwenyekiti wiki hii. Mzee wa Tukuyu, mchungaji mlimwacha makusudi msiende naye?