Mtoto anayerudia maneno ya mama yake: namna ya kumhoji bila kumlisha maneno

Swali: Afisa ustawi wa kata

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nina miezi saba kazini katika kata moja ya pembezoni hapa Tanzania, na naomba ushauri katika shauri linaloninyima usingizi. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa la tatu aliniarifu kwamba mwanafunzi wake wa miaka tisa ana alama ya moto juu kidogo ya kifundo cha mkono, na kwamba siku hizi mtoto huyo husinzia darasani na kuokota mabaki ya vitafunwa vya wenzake.

Nilifika nyumbani siku hiyohiyo. Mama wa kambo alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka, akanieleza kwamba mtoto alimwagikiwa na uji alipokuwa akikimbizana na wadogo zake. Nilipomgeukia mtoto, mama akiwa hatua mbili tu kutoka kwetu, naye akajibu: "Nilimwagikiwa na uji nilipokuwa nakimbizana na wadogo zangu." Neno kwa neno. Wakati wote alikuwa akivuta mikono ya sweta mpaka vidole vikafunikwa, na jua lilikuwa kali.

Nyumba ni ya chumba kimoja, baba ni kibarua na hurudi usiku. Sitaki kumwita mzazi mkatili kwa kuwa ni maskini, wala sitaki kumwacha mtoto hatarini kwa kuwa nimeuonea huruma umaskini huo. Nimhoji vipi bila kumtia maneno kinywani, na nitautofautishaje utelekezaji na ufukara?

Jibu la kwanza: Afisa mstaafu

Marahaba, mdogo wangu. Kosa moja limekwisha fanyika, nalo linarekebishika: ulimhoji mtoto mbele ya mtu ambaye huenda ndiye anayemwogopa. Mtoto anayelishwa na mtu hawezi kumsema mtu huyo akiwa amekaa mbele yake. Mfuate shuleni, umwombe mwalimu mkuu mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, na ukae chini sawa naye, si nyuma ya meza. Anzeni na mambo ya kawaida, mchezo anaoupenda, nani hulala karibu naye, nani humwamsha asubuhi. Kisha umwambie, "Nisimulie kuhusu mkono wako," na akinyamaza, nyamaza naye. Akianza, swali lako liwe moja tu: "Halafu ikawaje?" Usimwulize kamwe, "Mama alikuchoma, siyo?" kwa sababu mtoto wetu amefundishwa kumkubalia mtu mzima, na "ndiyo" ya namna hiyo haina thamani. Wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana ahadi hiyo utalazimika kuivunja, na baada ya hapo hatakuamini tena.

Andika maneno yake kama yalivyotoka, pamoja na swali ulilouliza, saa, mahali na waliokuwepo. Akisema "alinibandika", andika "alinibandika". Ukigeuza ikawa "alimsababishia majeraha", umeandika maneno yako wewe.

Kuhusu alama yenyewe, uji wa moto ukimwagika hutiririka, kwa hiyo kingo zake mara nyingi huwa hazilingani na huwa na vidoa vya matone pembeni, ilhali chuma cha moto kikigusa ngozi huweza kuacha umbo lake. Hata hivyo wewe si daktari. Eleza ulichoona, upande gani wa mkono, urefu na umbo lake, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari amchunguze mwili mzima, si mkono peke yake.

Sasa ufukara. Swali ambalo limenisaidia miaka yote ni hili: kile kidogo kilichopo kinagawanywaje? Nimeingia nyumba isiyo na kitanda ambamo bibi hakuwa akitia tonge mdomoni mpaka mjukuu ashibe. Nimeingia pia nyumba yenye jokofu na televisheni, nikakuta watoto wanne wanakula sebuleni kwenye sahani, na wa tano, wa mke wa kwanza, anakwangua ukoko kwenye sufuria huko jikoni. Waangalie wadogo zake: uzito wao, nguo zao, kadi zao za kliniki. Kama wote wana njaa, familia hiyo inahitaji kuunganishwa na misaada, na mwelekeo wako uwe huo. Kama mwenye njaa ni mmoja tu, hapo umaskini si jibu.

Jibu la pili: Mwanasheria

Naunga mkono aliyetangulia, na ninaongeza upande wa mahakama. Mwalimu alitimiza wajibu wake, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Jina lake usilitaje kabisa unapokwenda nyumbani. Nimeona mwalimu akihamishwa shule kwa sababu ya afisa mmoja aliyeropoka.

Wengi hudhani mtoto mdogo hawezi kuwa shahidi. Anaweza. Sheria ya Ushahidi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aiahidi mahakama kusema ukweli na kutosema uongo. Kinachoharibu mashauri haya, kwa niliyoyaona, ni mtoto kuulizwa jambo lilelile na mwalimu, mtendaji, askari, daktari, kisha shangazi, mpaka maelezo yake yanaanza kupishana na wakili wa utetezi anapata pa kushika. Panga na askari wa Dawati akae nawe, mtoto asimulie mara moja.

Utakapopata hata dalili ndogo ya ukatili wa kingono, hesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, mtoto asiogeshwe kabla ya daktari kumwona, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili huo kabla ya miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote.

Jibu la tatu: Afisa wa watoto, Kenya

Poleni na kazi. Kwetu tuna Sheria ya Watoto ya 2022, fomu ni P3, na namba ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116 kama huko kwenu, lakini shinikizo ni lilelile. Jiandae, dada, kwa maana wazee watakuja. Watakuambia jambo hili ni la nyumbani, baba ataomba radhi, pengine na mbuzi atatolewa. Miaka ya nyuma nilikubali suluhu ya namna hiyo, nikamrudisha kijana mwenyewe kwa mkono wangu, na mwezi wa pili nilimkuta wodini. Sijawahi tena kukaa kwenye kikao ambacho mtoto ndiye anayetakiwa kusamehe.

Ikibidi aondolewe nyumbani, tafuta ndugu kwanza kabla ya makao ya watoto. Lakini uende ukaione nyumba ya huyo ndugu, uulize nani wanalala humo na mtoto atalala wapi, usiridhike na neno "shangazi".

Muulizaji

Ahsanteni sana. Jana nilikwenda shuleni pamoja na askari wa kike wa Dawati, akiwa amevaa kiraia. Tulikaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto alizungumza juu ya mpira wa makaratasi kwa muda mrefu, kisha akakunja sweta mwenyewe. Alisema: "Kijiko kilikuwa kwenye moto. Nilichukua nyama moja." Nimeyaandika hivyohivyo, na sikuongeza kitu. PF3 imejazwa na daktari amemwona. Kwa usiku wa jana alilala kwa familia ya kuaminika iliyo kwenye orodha ya halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji amekwisha nipigia mara mbili akitaka tuonane "kwa mazungumzo". Nimemjibu kwamba nitaonana naye mbele ya askari, baada ya kumfikisha mtoto mbele ya hakimu, na leo jioni nakwenda kuiona nyumba ya bibi mzaa mama.