Tunafundisha watoto kupamba slaidi, somo lenyewe watalijua lini?

Wakuu, nimetoka darasani na hasira zangu, acheni niziandike zikiwa bado za moto.

Nafundisha Bayolojia kidato cha tatu. Wiki hii makundi yamepangiwa kuandaa slaidi za malaria, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wanafunzi 52, kompyuta zinazowaka 11. Nikalisogelea kundi la kwanza: dakika 35 zimekwenda, slaidi moja! Neno MALARIA linaingia kwa kuruka, linazunguka, linatua kwa mlio wa makofi. Nikauliza, mbu yupi anaambukiza? Kimya. Mmoja akanijibu, "Mwalimu, hiyo tutaiweka baadaye, bado tunatafuta rangi."

Siwalaumu watoto. Karatasi ya kusahihishia tuliyopewa shuleni ina alama 10 za mwonekano na 5 za maudhui. Mtoto anafuata alama zilipo.

Kundi la nyuma kabisa, binti mmoja alishaandika hoja zake kwenye daftari kabla ya kugusa kompyuta: anayeambukiza ni mbu jike wa Anopheles, anauma zaidi usiku, ndiyo maana tunalalia chandarua. Nikawafungulia ule ukurasa wa muhtasari kwenye PowerPoint: unaandika kichwa, ukibonyeza Enter inakuja slaidi mpya, ukibonyeza Tab mstari unashuka kuwa hoja chini ya kichwa. Dakika 15 slaidi sita tayari, maandishi meusi, mandhari nyeupe. Rangi unabadili mara moja tu kwenye slaidi mama, zote zinafuata, hata dakika ya mwisho. Binti akasimama akaeleza akiwatazama wenzake, hakusoma ukutani hata mara moja. Kijana akamuuliza kwa nini mbu dume haambukizi, akajibu papo hapo: dume hanywi damu.

Matokeo sasa. Binti na wenzake 7 kati ya 15. Kundi la makofi 11.

Nimekwenda ofisi ya taaluma kulalamika, naambiwa wageni wakija wanapenda kuona kazi zinazovutia. Wageni! Yule binti amerudi kwenye dawati lake ameinamisha kichwa, na mimi mwalimu wake sina la kumwambia.

Wenye karatasi za kusahihishia zinazotanguliza maudhui, tafadhali wekeni picha hapa. Jumatatu kuna kikao, naingia nayo mkononi.