Saa ya hadithi: watoto wanapungua

Wakutubi wenzangu, niko maktaba ya wilaya. Saa ya hadithi ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Wiki ya kwanza walikuja watoto 31, juzi 6. Roho inaniuma. Nifanyeje kabla ya Siku ya Kiswahili, 7 Julai?

— Dada, saa 4 watoto wanachota maji na kufua sare. Nilihamishia saa 9 alasiri, mkeka ukajaa. Na tangazo lifike msikitini, kanisani na kisimani.

— Usisome peke yako. Mimi nilimwita bibi muuza vitumbua. Alipotamka "Paukwa!", hata mzee wa magazeti alikunja lake akaitika "Pakawa!" Nauli ya bibi iwekwe kwenye bajeti mapema.

— Asanteni sana. Kesho naanzia kisimani.